Jeni Zinapomwambia Daktari "Dawa Hii Usimpe"

Kazi yangu ni ya maabara ya patholojia. Kipande kinachokatwa kwenye uvimbe wa mgonjwa hutiwa ndani ya kichupa cha fomalini, na kichupa hicho ndicho kinachofika mezani kwetu. Tunakipitisha kipande kwenye alkoholi mpaka maji yote yatoke, tunakizamisha kwenye nta ya parafini, na kikishaganda tunakikata vipande vyembamba vya mikroni tatu au nne. Vipande hivyo tunaviacha vielee juu ya maji ya vuguvugu, kisha tunavichota kwa slaidi ya kioo. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi simwoni. Naona jina lake, umri wake, na kile kipande. Lakini maswali ya wagonjwa hunifikia kupitia ndugu na marafiki, na siku hizi swali moja limezidi mengine yote: "Wamesema uvimbe upelekwe kupimwa jeni. Ina maana kuna dawa mpya?"

Dawa mpya zipo, na nitazieleza, kwa sababu baadhi yake zimewarudishia watu uhai uliokuwa umeshakatiwa tamaa. Ila ukiniuliza sayansi ya jeni imewasaidia wagonjwa wa saratani katika jambo gani hasa, nitaanza na jambo lisilotangazwa sana. Imetuwezesha kujua dawa gani mgonjwa asipewe. Mtu anayeepushwa na kemo (dawa kali za kuua seli za saratani) isiyomfaa, au anayepunguziwa dozi ambayo ingemuua, ametibiwa vizuri, hata kama hakuna anayempongeza daktari kwa hilo.

Kwanza tuweke sawa jambo linalowachanganya watu kila siku. Kuna jeni za mtu, na kuna jeni za uvimbe wake. Jeni za mtu ni zile alizozaliwa nazo, nusu kwa mama na nusu kwa baba, na zimo karibu katika kila seli ya mwili wake. Idadi yake ni kama 20,000. Saratani huanza pale seli moja, iwe ya titi, ya utumbo au ya damu, inapojikusanyia makosa katika DNA yake kadiri inavyogawanyika, mpaka inafika mahali haisikii tena amri ya kusimama. Kwa wagonjwa wengi makosa hayo yamo ndani ya uvimbe tu. Mgonjwa hakuyarithi na wala hatamrithisha mtoto. Saratani zinazotokana na badiliko la jeni la kuzaliwa nalo ni kama 5 hadi 10 katika kila 100.

Tofauti hii inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndani ya familia ni kubwa mno. Mama yangu mdogo alipougua saratani ya titi alinipigia simu akiwa na majibu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wameniandikia hapa HER2 chanya, alama tatu. Hii si ndiyo ile ya kurithi, ya yule mcheza filamu, Angelina Jolie? Niwaambie wadogo zako waende wakapime?"

"Hapana, mama. HER2 ni ya uvimbe wenyewe. Hukuzaliwa nayo, na hao watoto hukuwapa."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

"Basi nashukuru. Maana tangu jana silali, nawaza nimewapa wanangu maradhi."

Badiliko alilolieleza Jolie hadharani mwaka 2013 lilikuwa la jeni ya BRCA1, na hilo kweli huzaliwa nalo. HER2 ni habari nyingine. Seli ya kawaida ina nakala mbili za jeni hiyo. Katika saratani za titi kama 15 hadi 20 kwa kila 100, nakala huzaliana ndani ya uvimbe zikawa nyingi kupita kiasi, na protini inayotengenezwa hujaa juu ya seli ikiisukuma igawanyike bila kupumzika. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba wanawake wenye uvimbe wa aina hii hurudiwa na ugonjwa mapema kuliko wengine. Mwaka 1998 Marekani ikaidhinisha trastuzumab, kingamwili inayokwenda kuishika protini hiyo hiyo. Neno lililokuwa baya kuliko yote kwenye ripoti likawa ndilo linalomwonyesha daktari pa kushambulia.

Ngoja niwaonyeshe namna tunavyoisoma, kwa sababu wengi hudhani ni mashine inayotema jibu. Tunaipaka slaidi kingamwili na rangi, kisha daktari wa patholojia anakaa na hadubini. Uvimbe wa alama 3+ ni ule ambao seli zake zaidi ya asilimia 10 zimezungukwa na rangi ya kahawia iliyokolea, mzunguko kamili usio na pengo. Ikiwa 0 au 1+, jibu ni hasi. Ikiwa 2+, hapo hatuamui kwa macho. Tunakwenda kuhesabu nakala za jeni yenyewe ndani ya kiini cha seli, kwa vialama vinavyong'aa gizani. Na tangu utafiti wa mwaka 2022 ulioonyesha kwamba trastuzumab deruxtecan, yaani trastuzumab iliyobebeshwa dawa ya kemo, inawasaidia hata wagonjwa wenye HER2 kidogo, ile tofauti ya 0 na 1+ tuliyokuwa tunaipita haraka sasa tunaitazama mara mbili.

Kwa nini tusimpe kila mwenye saratani ya titi trastuzumab, bora nusu shari? Kwa sababu trastuzumab inaweza kudhoofisha moyo. Ndiyo maana mama mdogo alikuwa akirudi kupigwa picha ya moyo kila baada ya muda katika kipindi chote cha matibabu. Kwa uvimbe usio na HER2 ungemhatarisha mtu moyo bure.

Hapa naomba niseme kwa niaba ya maabara zote. Tiba inayofuata jeni haianzii kwenye mashine ya kusoma DNA, inaanzia kwenye kile kichupa. Kipande cha titi kinatakiwa kiingie kwenye fomalini ndani ya saa moja tangu kukatwa, na kikae humo saa zisizopungua 6 wala kuzidi 72. Fomalini iwe walau mara kumi ya ujazo wa kipande. Nimeshapokea kipande kikubwa kimebanwa kwenye kikopo, fomalini imefika nusu, katikati ya nyama pameoza. Nimeshapokea mfupa uliolainishwa kwa tindikali kali mpaka DNA yake ikasagika. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuambiwa "jeni haikuonekana", kumbe kilichokosekana ni sampuli iliyotunzwa. Inaniuma kila inapotokea, kwa sababu kukata upya maana yake ni sindano nyingine, maumivu mengine, na wiki nyingine za kungoja. Kile kinyama kilichogandishwa kwenye nta, kwa upande mwingine, kikiwa kimetunzwa vizuri hakitupwi. Miongozo ya Marekani inataka kihifadhiwe miaka isiyopungua 10. Kipimo ambacho hakikuwepo mgonjwa alipoanza tiba kinaweza kufanywa baadaye kwa kipande kilekile, na wagonjwa wengi hawajui kwamba wanaweza kuomba hivyo.

Sasa hizo dawa. Historia yake naianza Philadelphia, mwaka 1960, pale Peter Nowell na David Hungerford walipoona kromosomu moja (kromosomu ni nyuzi zinazobeba DNA) fupi isivyo kawaida kwenye seli za wagonjwa wa aina fulani ya saratani ya damu, ile inayokwenda polepole kisha inalipuka. Hawakujua imefupikaje. Jibu likatoka kwa Janet Rowley wa Chicago mwaka 1973. Alikuwa akichukua picha za kromosomu kwenda nazo nyumbani, akizikata kwa mkasi na kuzipanga juu ya meza ya chakula, huku wanawe wakimtania kwamba anacheza na wanasesere wa karatasi. Pale mezani akaona kwamba kipande hakikupotea. Kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Baadaye ikafahamika kwamba pale zilipoungana huzaliwa jeni isiyokuwepo kwa mtu mzima wa afya, BCR-ABL, na protini yake ni swichi iliyokwama upande wa kuwaka.

Dawa ya kuzima swichi hiyo ni imatinib, na Brian Druker ndiye aliyeongoza kuijaribu kwa wagonjwa. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2001, kati ya wagonjwa 54 waliopata miligramu 300 au zaidi kwa siku, 53 damu zao zilirudi katika hali ya kawaida. Hamsini na tatu! Ukifanya kazi ya maabara unajua ni nadra sana kuona namba kama hiyo. Watu ambao kabla ya hapo walikuwa wamebakiwa na miaka michache tu ya kuishi, leo wanameza kidonge kila siku na wengi wao wanaishi karibu umri sawa na wenzao wasio na ugonjwa huo.

Ushindi ule ulitupa furaha, na ulitupa pia matarajio makubwa mno. Uvimbe mwingi hauendeshwi na jeni moja. Na hata jeni ikijulikana, mahali ilipo nako kuna maana. Chukua badiliko linaloitwa BRAF V600E. Lipo karibu katika nusu ya saratani za ngozi aina ya melanoma, na vemurafenib, iliyoidhinishwa mwaka 2011, iliyeyusha uvimbe wa wagonjwa wengi wa aina hiyo ndani ya wiki chache. Badiliko hilo hilo, herufi ile ile ya DNA, hutokea pia katika baadhi ya saratani za utumbo mpana. Madaktari wakaipa dawa ile ile. Karibu hakuna kilichotokea. Watafiti waliporudi maabara wakagundua kwamba seli za utumbo zikizibiwa njia ya BRAF zinafungua nyingine kupitia kipokezi cha EGFR, protini ya juu ya seli inayopokea ishara ya kukua, ambacho seli za melanoma huwa nacho kidogo mno. Tangu mwaka 2020 wagonjwa wa utumbo wenye badiliko hilo wanaweza kupewa dawa mbili pamoja, moja ya kuzuia BRAF na nyingine ya kuzuia EGFR. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba siku hizi saratani haitazamwi tena ilipo bali jeni yake tu, mwambie vyote viwili vinatazamwa.

Saratani ya mapafu nitaipitia kwa ufupi, ingawa huko ndiko vipimo vya jeni vimekuwa vingi kuliko kwingine: EGFR, ALK, ROS1, KRAS, na orodha inaendelea. Kila badiliko na vidonge vyake. Kati ya wanaonufaika hapo wamo wengi ambao hawajawahi kuvuta sigara. Tatizo ni kwamba uvimbe hujifunza. Mgonjwa wa EGFR anakaa vizuri, kisha ugonjwa unaamka tena kwa badiliko jipya lililoizuia dawa isishike. Siku hizi badiliko hilo linaweza kutafutwa kwa damu tu, kwa sababu seli za uvimbe zinapokufa humwaga vipande vya DNA kwenye mzunguko wa damu. Damu ikionyesha, mgonjwa anaepushwa na sindano ya kifuani. Isipoonyesha, kinyama bado kinahitajika, maana si kila uvimbe humwaga DNA ya kutosha.

Nirudi kwenye ninalolijali zaidi.

Mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa anaweza kupewa cetuximab, kingamwili inayoziba kile kipokezi cha EGFR. Dawa hii inawatoa wengi vipele vibaya usoni na kifuani, vya kuwasha na kuuma, mpaka mtu anaona haya kutoka nje. Wanaostahimili huambiwa wavumilie kwa sababu inasaidia. Lakini kwa wenye badiliko la KRAS, ambao ni kama 40 katika kila 100, ikiwa peke yake au na kemo tu haisaidii kitu. Jambo hilo lilithibitika mwaka 2008 baada ya watafiti kurudi kwenye vipande vya nta vya wagonjwa waliokwisha kutibiwa na kuvipima. Kabla ya hapo watu walikuwa wakivumilia vipele vile kwa dawa isiyoweza kuwafikishia chochote. Leo kutoa cetuximab kabla ya kupima familia ya jeni za RAS (KRAS na ndugu zake) ni uzembe, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama kipimo kimefanyika.

Saratani ya titi nayo ina mfano wake, tena mkubwa. Kwa miaka mingi, mwanamke aliyekutwa na uvimbe mdogo unaotegemea homoni, usio na HER2 na ambao haujafika kwenye tezi za kwapani, alikuwa akipewa kemo kwa tahadhari, ingawa ilijulikana kwamba wengi wao hawahitaji. Haikujulikana ni nani. Kipimo cha jeni 21 ndani ya uvimbe kikaja kutoa alama kuanzia 0 hadi 100. Utafiti wa TAILORx, uliowashirikisha wanawake zaidi ya 10,000 na kutoa matokeo mwaka 2018, ukaonyesha kwamba wenye umri unaozidi miaka 50 na alama isiyozidi 25 hawapati nyongeza yoyote kutokana na kemo juu ya vidonge vya homoni. Kwa walio chini ya hapo kiumri, alama za 16 hadi 25 bado zina mjadala, na kemo huweza kuwasaidia baadhi yao. Hebu fikiria idadi ya nywele ambazo hazikudondoka, mishipa ya miguu ambayo haikufa ganzi, wiki ambazo mtu alikwenda kazini badala ya kulala na ndoo ya kutapikia kando ya kitanda.

Kuna pia jeni ambazo hazihusiani na uvimbe kabisa. Ni za mtu mwenyewe, na zinaamua mwili wake unaishughulikiaje dawa. Mimi huziona kama upande uliosahaulika wa habari hii yote. 5-FU, na ndugu yake wa vidonge capecitabine, ni kati ya dawa za kemo zinazotumika sana duniani, kwa utumbo, tumbo, titi na kwingineko. Mwilini, zaidi ya asilimia 80 ya dawa hiyo huvunjwavunjwa na kimeng'enya kiitwacho DPD, kinachotengenezwa kwa maelekezo ya jeni ya DPYD. Mwenye jeni iliyoharibika nusu, dozi ya kawaida kwake ni sawa na dozi kubwa kupindukia. Mdomo unachubuka mpaka hawezi kumeza mate, kuhara hakukatiki, chembe nyeupe za damu zinaisha. Mwenye jeni iliyoharibika zote mbili anaweza kufa kwa duru ya kwanza tu, tena si kwa saratani. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza wagonjwa wapimwe DPD kabla ya kuanza dawa hizi. Mwenye upungufu wa sehemu huanzishiwa dozi iliyopunguzwa, mara nyingi nusu. Mwenye upungufu kamili hapewi kabisa.

Ila kipimo hiki nacho kina kasoro inayonikera. Vipimo vingi hutafuta mabadiliko manne tu ya DPYD, na manne hayo yalichaguliwa zaidi kutokana na watu wenye asili ya Ulaya. Kuna badiliko jingine, c.557A>G, ambalo huonekana kwa watu wenye asili ya Afrika na kwa wazungu halipo au ni nadra sana. Mtu mweusi anaweza kuambiwa "kipimo chako ni safi" hali ya kuwa halikutafutwa lile lililo na nafasi ya kumhusu. Kwa hiyo usiishie kwenye neno safi. Uliza ni mabadiliko yapi yaliyotafutwa, na kama c.557A>G ni mojawapo. Swali hilo halimuudhi daktari mwenye nia njema.

Kwa watoto wenye leukemia kali ya limfoidi, aina ya saratani ya damu, hali ni hiyo hiyo, na imejulikana kwa muda mrefu zaidi. Wanameza mercaptopurine kwa miezi mingi. Kama mtoto mmoja katika kila 300 hana kabisa kimeng'enya cha TPMT cha kuipunguza makali, na kwake dozi inayomfaa ni kama sehemu ya kumi ya dozi ya wengine. Ukimpa ya wengine uboho unakauka. Ukimpa sehemu yake ya kumi, anatibiwa sawasawa na wenzake. Huyu ni mtoto ambaye zamani angehesabiwa kuwa "hakuiweza dawa".

Sasa zile 5 hadi 10 katika 100, za kurithi. Kisa chake cha zamani ninachokipenda ni cha mwaka 1895, Michigan. Mshonaji nguo wa daktari wa patholojia Aldred Warthin alimwambia kwamba anatarajia kufa mapema kwa saratani ya tumbo, utumbo au mji wa mimba, kwa sababu ndivyo ukoo wao unavyokufa. Daktari mwingine angempoza kwa maneno. Warthin akachukua karatasi akaanza kuuandika ukoo. Mwanamke yule alikufa angali kijana, kwa saratani ya mji wa mimba kama alivyosema, na Warthin akauchapisha mti wa ukoo mwaka 1913. Miongo kadhaa baadaye daktari Henry Lynch akaufuatilia ukoo huo na mingine kama huo, na mwaka 2000 badiliko lao likapatikana kwenye jeni ya MSH2. Yule mshonaji alijua kabla ya sayansi kujua. Ndiyo maana, pamoja na mashine zote tulizonazo, bado nasema kipimo cha kwanza cha jeni ni kukaa na wazee wa familia ukauliza nani alikufa kwa nini, akiwa na umri gani.

Hali hiyo leo inaitwa sindromu ya Lynch. Jeni zinazohusika ni za kusahihisha makosa ya kunakili DNA, na sisi maabara tunazichunguza kwa kupaka rangi protini nne juu ya uvimbe: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Protini ikikosekana, maana yake uvimbe hausahihishi makosa. Si lazima iwe ya kurithi, kwa hiyo vipimo vingine hufuata. Lakini jibu hilo moja linafungua milango mitatu. Kwanza, kama ni saratani ya utumbo ya hatua ya pili, wenye upungufu huu huwa na nafuu nzuri baada ya upasuaji na 5-FU peke yake haiwaongezei kitu, basi huachwa bila kemo. Pili, ugonjwa ukiwa umesambaa, makosa yale mengi yanaufanya uvimbe uonekane mgeni machoni pa kinga ya mwili, na pembrolizumab inaiachia kinga ishambulie. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa uvimbe wenye upungufu huu popote ulipo mwilini, na ilikuwa mara ya kwanza dawa ya saratani kuidhinishwa kwa alama ya jeni bila kujali kiungo. Tatu, kama kweli imerithiwa, ndugu zake wanaweza kupimwa, na wenye badiliko wakaanza kuchunguzwa utumbo kwa kamera kila mwaka mmoja au miwili, vijinyama vikatolewa kabla havijawa saratani.

Kwa BRCA1 na BRCA2 mantiki inafanana. Mtafiti wa jeni Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 kwamba jeni ya kwanza ipo kwenye kromosomu ya 17, wakati wenzake wengi hawakuamini kuwa saratani ya titi inaweza kufuata jeni moja. Mwanamke mwenye badiliko la BRCA1 ana uwezekano wa kama 70 katika 100 wa kupata saratani ya titi kabla ya kufikisha miaka 80, na BRCA2 haiko mbali na hapo. Wanaume nao huirithi na kuirithisha, na BRCA2 huwaongezea hatari ya saratani ya tezi dume, jambo ambalo familia nyingi hulisahau kwa kuhesabu upande wa wanawake tu. Udhaifu wa uvimbe wa BRCA ni kwamba umepoteza njia moja ya kuiunga DNA iliyokatika. Olaparib, iliyoidhinishwa mwaka 2014 kwa saratani ya ovari, inaukwamisha msaada mwingine uliobaki. Seli nzima zenye njia zote zinavuka. Za uvimbe hazivuki.

Nisiwaahidi watu kupita kiasi. Wagonjwa wengi wanaopimwa uvimbe kwa jeni mamia hawapati dawa inayolingana nao. Karatasi inarudi na orodha ya herufi na namba, na mwisho wake hakuna kidonge. Hilo linaumiza, hasa kama mtu ameambiwa kipimo hicho ni cha kuokoa maisha. Daktari anayejali husema kabla ya kupima: tukipata tutafanya hivi, tusipopata tiba yako itabaki hii, nayo ni tiba halali. Upasuaji, mionzi na kemo bado ndivyo vinavyoponya watu wengi.

Mama mdogo alimaliza sindano zake. Daktari alipomhoji habari za ukoo akamtajia dada yao mkubwa aliyekufa kwa saratani ya ovari, basi akashauriwa apime jeni za kuzaliwa nazo. BRCA zote mbili hazikuwa na tatizo. Kwenye jeni nyingine lilionekana badiliko lililoandikwa "maana yake haijulikani". Majibu ya namna hii huwatokea zaidi watu ambao jamii zao hazijapimwa kwa wingi, maana hakuna wa kutosha wa kuwalinganisha nao. Akanipigia tena simu, safari hii akiwa amejiandaa kutolewa ovari.

"Sasa nifanye nini, mwanangu?"

"Kwa badiliko hili, kwa sasa, usifanye chochote, mama. Usikatwe kitu kwa ajili yake, na wadogo zangu wasipimwe kwa ajili yake. Endelea na kliniki yako kwa sababu ya titi, na kila ukienda waulize kama limeshapewa maana."

Mabadiliko ya aina hiyo yanapochunguzwa upya, mengi huishia upande wa yasiyo na madhara. Amekuwa akiuliza. Mwaka jana walimwambia lake limehamishiwa huko.